Jike Mkubwa Kuliko Wote

Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua baa yake, Gaspard alizoea kupita kwenye pengo la ua wa matete akiwa na ndoo ya maji ya mvua, akaenda kuijaza akwariamu ya jirani yake Xavier. Maji ya mle ndani yalikuwa ya bahari, lakini yalipopungua yalijazwa kwa maji ya mvua, kwa sababu yanapokauka hayaondoki na chumvi yake. Xavier alikuwa amemweleza jambo hilo mara nyingi, na kila mara Gaspard aliitikia kama mtu anayelisikia upya. Alimimina taratibu, kando ya jiwe, ili mchanga usitibuke. Kisha alitumbukiza kipimo cha chumvi cha kioo, akakiacha kielee, akainama kusoma alama. Maji yakiwa sawa, alikata dagaa wabichi wa Kasenyi vipande vidogo kama punje za mchele, akawatupia samaki, akasimama kuwatazama wakila.

Walikuwa samaki wembamba wenye midomo minene. Xavier aliwaita kwa Kifaransa, labre. Dume alikuwa mmoja tu, wa kijani, mwenye mistari ya buluu usoni. Majike walikuwa na rangi ya majani makavu, na mmoja wao alikuwa mkubwa kuliko wenzake wote. Taa ilipozimwa walijichimbia mchangani, wakalala humo kama watu waliojifunika blanketi hadi kichwani, na asubuhi walichomoza mmoja mmoja, dume akitangulia.

Xavier alikuwa dereva wa lori. Miaka mingi alipeleka kahawa Mombasa na kurudi na mabati na sabuni. Huko aliona samaki kama hao kwa mfanyabiashara Mhindi aliyemuuzia tairi, na tangu siku hiyo hakutulia. Aliwaleta kwao Bunia safari kwa safari: mara hii maji katika mitungi ya plastiki, mara ile mawe yenye matumbawe yaliyo hai, yamefungwa kwenye magunia yaliyolowanishwa, na mwisho samaki wenyewe, katika mifuko iliyojazwa hewa kwa pampu ya baiskeli. Watu wa mtaa wa Bankoko walikuja kutazama kwa wiki moja, kisha wakazoea.

Pampu na taa za akwariamu zilihitaji umeme. Gaspard ndiye aliyekuwa na jenereta, kwa ajili ya friji ya bia. Basi walipitisha waya mweusi juu ya ua, Xavier akatoa mazuti ya kuendeshea jenereta, Gaspard akatoa umeme, na hakuna aliyeona haja ya kuzungumza zaidi ya hapo.

"Papa Gracia," Xavier alimwambia Gaspard siku moja, akimwita kwa jina la binti yake, mikono yake ikiwa majini hadi kwenye viwiko, "hii dume itakufa tu siku moja. Hapana kuja kunililia hapa. Hii jike ya mukubwa itageuka dume."

"Itageuka namna gani?"

"Kabisa. Rangi, tumbo, akili. Nyumba yao haikae bila bwana."

Mke wake Joséphine, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, alicheka. "Na ile jike, inaenda wapi?"

Xavier alifikiri. "Haiendi popote," alisema. "Inaisha."

Mwezi wa tano wa mwaka wa elfu mbili na tatu, mji uliingia mikononi mwa watu wengine. Wapiganaji walioingia walikuwa wakitafuta wanaume wa kabila la Xavier, nyumba kwa nyumba. Joséphine aliwachukua watoto wake wawili, Arlette na Fifi, akakimbilia nao kwenye kambi ya karibu na uwanja wa ndege, kwa sababu wanawake bado waliweza kupita kizuizini. Xavier hakuweza. Alipanda juu ya dari ya nyumba yake, akalala kati ya mbao na mabati. Gaspard pekee ndiye aliyejua. Asubuhi na jioni alipita kwenye pengo la ua na muhogo wa kuchemsha na chupa ya maji, akavipitisha kwenye tundu la dari, na mkono wa Xavier ulishuka kuvipokea.

"Samaki wamekula?" sauti iliuliza kila mara kutoka juu.

"Wamekula."

Siku wapiganaji walipofika kwa Gaspard, walikuja kutafuta bia. Walikuwa vijana, mmoja wao amevaa koti la mvua la mwanamke. Waliketi uani, wakanywa, hata wakamsifu kwa bia baridi katika mji usio na umeme. Mwenye koti akainua macho, akauona waya.

"Hii waya inapeleka kuran ya umeme wapi?"

"Kwa samaki," Gaspard alisema.

Walicheka sana. Gaspard naye alicheka.

"Samaki ya nani?"

"Ya Xavier."

"Xavier dereva ya camion? Na yeye, iko wapi?"

Hapo ndipo binti yake Gracia, aliyejificha katika chumba cha nyuma, alipokohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, cha mtu anayejitahidi kukizuia. Yule kijana aligeuza kichwa kuelekea mlango wa chumba. Hakusimama. Hakuuliza ni nani. Hakuna aliyemgusa Gaspard wala kumwelekezea bunduki. Alikuwa na nafasi ya kusema kwamba Xavier yuko Komanda, au Beni, au kwamba amekufa, na baadaye alizikumbuka nafasi hizo zote kwa majina.

"Iko mu plafond, juu ya dari yake," alisema.

Waliziweka chupa chini na kutoka. Gaspard aliiacha jenereta iendelee kunguruma ili asisikie. Alisikia mabati tu, kisha mbwa. Hakusikia risasi, na kwa muda fulani jambo hilo lilimpa matumaini. Lakini Xavier hakurudi, na wote waliochukuliwa siku ile kuelekea bondeni hawakurudi.

Mazuti yaliisha usiku huo. Gaspard hakuthubutu kupita kwenye ua kwa siku kadhaa. Alipopita, alimkuta labre dume akielea ubavu, rangi yake ya kijani imekuwa kijivu. Majike walikuwa hai. Alimzika yule dume chini ya mgomba, akasimama hapo kitambo, kwa kuwa hapakuwa na kaburi jingine la kusimama.

Askari wa kigeni walipokuja na barabara zikafunguliwa, Joséphine alirudi na watoto. Aliona tundu la dari limepanuliwa, akaona mbao zilizovunjika, akaelewa. Alilia kwa siku zinazostahili, huku wanawake wa mtaa wakilala naye sakafuni. Alipomaliza, alipita kwenye pengo la ua akiwa na Arlette, akamkuta Gaspard akiosha chupa.

"Papa Gracia," alisema, "nakuja kukuomba pardon."

Gaspard aliacha kuosha.

"Ile waya yetu njo ilileta watu mubaya mu parcelle yako. Kama hatukuweka ile waya, hawangeingia hapa, hawangekusumbua. Na Gracia alikuwa mu nyumba. Minasikia haya."

Gaspard aliitazama chupa iliyokuwa mkononi mwake. "Hapana, mama," alisema. "Hakuna neno."

"Unasamehe?"

"Nasamehe."

Joséphine alimshukuru. Arlette, mwenye umri wa miaka kumi na mbili, alimshukuru pia, kama alivyofundishwa.

Tangu siku hiyo Gaspard hakuwadai mazuti. Jenereta yake iliendesha pampu yao hata siku ambazo friji yake mwenyewe ilizimwa na bia ikawa ya moto, na wateja wakamkimbia. Alipeleka maji. Aliziba tundu la dari kwa mbao mpya. Watu walimsifu kwa wema huo, na kila aliposifiwa alitafuta kazi nyingine ya kuongeza.

Jike mkubwa kuliko wote alianza kubadilika mvua za mwezi wa nane zilipoanza. Kwanza aliacha kula na wenzake, akawa anazunguka akwariamu na kuwasukuma kuelekea mchangani jioni. Kisha mstari wa buluu ulitokea chini ya jicho lake.

Katika wiki zilezile, sauti ya Joséphine ilishuka. Kwenye kwaya ya parokia alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza. Jumapili moja alifungua mdomo na sauti ikatoka upande wa akina baba. Lucien, mwalimu wa kwaya, alisimamisha wimbo, akamsikiliza tena peke yake, akamwonyesha kwa kidole benchi la nyuma. Jumapili iliyofuata alikuwa ameshamtafutia joho refu zaidi.

Baada ya sauti zilikuja ndevu. Mama Léonie, muuza ndizi wa njia panda, alimweleza Joséphine kwamba wembe wa kunyolea unauzwa kwa bei nafuu zaidi upande wa pili wa soko, na asinyoe bila maji ya moto. Miguu yake ilijaa katika viatu vya Xavier. Katika kidole gumba cha kulia lilitokea kovu, palepale ambapo jeki ya lori iliwahi kumng'ata mumewe. Katika mtaa wetu wa Bankoko watu walisema kwamba nyumba ile haikukubali kukaa bila bwana, wakaendelea na shughuli zao. Mwaka ule kila nyumba ilikuwa na njia yake ya kuziba pengo.

Joséphine mwenyewe alijua anakoelekea, akajipanga kama mtu anayefunga mizigo. Alimfundisha Arlette kusonga ugali bila madonge, akamwonyesha mahali alipoficha mbegu za mboga ya lenga-lenga. Alimsimulia jinsi alivyozaliwa, na jinsi Fifi alivyozaliwa wakiwa njiani kutoka Boga, mvua ikinyesha, chini ya turubai. Alirudia hadithi hizo mara nyingi.

"Kwa nini unanielezea kila siku?" Arlette aliuliza.

"Papa yako hajue hizi," Joséphine alijibu kwa sauti nzito. "Hakukuwako. Kama hauzishike weye, zitapotea."

Jioni moja alikuja kukaa kwenye baa ya Gaspard, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa katikati: kitambaa kichwani, mabega ya dereva. Aliagiza soda, akaikunja leso yake katika pembe nne kama ilivyokuwa desturi yake.

"Papa Gracia, kuko jambo weye unajua juu ya ile siku?"

Gaspard alifuta meza iliyokuwa safi. "Jambo gani?"

"Sijue. Walimukuta mbio sana. Wengine walijificha mu plafond, wapiganaji wakapita chini yao na kutoka. Nauliza tu, mbele ya miye kuisha."

Baa ilikuwa tupu. Gracia alikuwa sokoni. Hakukuwa na kijana mwenye koti, wala kikohozi. Gaspard alijua kwamba huyu aliyeketi mbele yake angesikia, angelia, labda angemtemea mate, labda angemsamehe, na kwamba baada ya siku chache hatakuwapo wa kufanya lolote kati ya hayo.

"Vita, mama," alisema. "Nani atajua?"

"Ni kweli," Joséphine alisema, akamaliza soda yake.

Leso ndiyo ilikuwa ya mwisho. Asubuhi moja Xavier alipita kwenye pengo la ua, leso imevurugika mfukoni mwake kama kitambaa cha kufutia mafuta, akauliza kama kuna mazuti. Katika akwariamu labre mpya alikuwa wa kijani mwili mzima.

Gaspard alimkumbatia mpaka Xavier akashangaa nguvu za mikono yake. Siku ile alitoa bia bure. Alichinja mbuzi. Aliwaambia wateja kwamba Mungu amefuta, bila kusema amefuta nini, nao waliinua chupa. Usiku alilala usingizi wa moja kwa moja. Mtu alikuwa ameondoka na mtu yuleyule alikuwa amerudi, na hesabu ya aina hiyo, alijiambia, haina baki. Wiki nzima alipiga mluzi akiosha chupa. Lori la Xavier lilikuwa limeibwa, lakini alipata la mtu mwingine, akaanza kubeba viazi kutoka Mahagi.

Kitu kilichomsumbua Gaspard kilikuwa Fifi. Mtoto yule alimpenda baba yake na kupanda mgongoni mwake. Lakini jioni, wakati wa kusukwa nywele, alikwenda kukaa kwenye kizingiti na kitana mkononi, akasubiri, kisha akainuka na kwenda kulala na nywele zilivyo.

Jumamosi moja walikuwa wakisafisha akwariamu, Gaspard akishika mpira wa kunyonyea uchafu, Xavier akikwangua kioo kwa wembe. Xavier alizungumza bila kugeuka.

"Bati si ukuta, Papa Gracia. Nilikusikia."

Mpira ulimponyoka Gaspard. Maji ya chumvi yalimwagika sakafuni, na Xavier aliinama akauokota, akaurudisha kwenye ndoo.

"Nilisikia yote. Nilisikia mutoto akikohoa. Kisha nikakusikia weye." Aliendelea kukwangua. "Mu njia, walipokuwa wanatupeleka, nilifikiri: kama ingekuwa Arlette mu chumba, miye ningesema nini? Sikupata jibu. Basi nikakuachilia. Sikukuwa na wakati murefu."

Gaspard alipiga magoti kwenye maji yale. Alisema maneno yote aliyokuwa ameyaweka tangu mwezi wa tano, mengine mara mbili. Xavier alimsubiri amalize.

"Nilishakusamehe," alisema. "Simama, unalowana. Miye si shida. Miye niko. Joséphine njo haiko."

"Sikumugusa Joséphine."

"Ndiyo. Arlette aliniambia mama yake alikuja kukuomba pardon." Xavier aliusafisha wembe kwa kidole gumba. "Na ulimusamehe."

Gaspard alitazama samaki. Dume mpya alikuwa akipita mbele ya kioo, akageuka, akapita tena. "Haiwezekane irudi?" aliuliza. "Iwe jike tena, kama mbele?"

"Hapana. Ikisha kugeuka, imegeuka."

Baada ya siku ile Gaspard hakupiga mluzi tena. Alikuwa amesamehewa, na aliona kwamba msamaha ule haukufika palipouma.

Arlette ndiye aliyedai matanga. Alisema mama yake ameondoka na hakuna aliyemlilia, kwa sababu kila mtu alikuwa akifurahia baba yake. Mtaani kulikuwa na mjadala kidogo. Wengine walisema hakuna maiti. Mama Léonie alijibu kwamba tangu mwezi wa tano wamekaa matanga mangapi bila maiti, na mjadala ukaisha. Walitandika turubai uani kwa Xavier. Kwaya ilikuja. Picha ya Joséphine akiwa bibi harusi iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na Xavier aliketi kando yake katika kiti cha plastiki, Fifi mapajani, mfiwa.

Katika matanga ya kwetu kuna mtu anayesimama kusimulia marehemu aliuguaje: ilianza vipi, ikaendelea vipi, ikaishaje. Watu huita hiyo historique, na bila hiyo hakuna anayeenda nyumbani ameridhika. Siku moja kabla, Xavier alipita kwenye pengo la ua.

"Weye utatoa historique," alimwambia Gaspard. "Weye njo ulikuwako toka mwanzo."

"Xavier..."

"Mutoto anataka kujua mama yake alikufa na nini. Miye nikimuambia, atasema papa anashitaki jirani. Useme weye. Useme vile unaona ni vizuri."

Gaspard hakulala. Kulipokucha alikuwa ameamua kusema. Alioga, akavaa shati jeupe, akajaribu sentensi ile mbele ya kioo cha kunyolea, na ilitoka bila kukwama. Alimwambia Gracia aketi nyuma kabisa. Gracia alimuuliza kwa nini, naye akasema huko kuna kivuli.

Zamu yake ilipofika alisimama vizuri. Alieleza juu ya sauti iliyoshuka, na Lucien akatikisa kichwa kukubali. Alieleza juu ya ndevu, miguu, kovu. Alieleza jinsi marehemu alivyopanga mambo yake, asimwachie mtu fujo, na wanawake wakalia kwa uchungu. Alikuwa msimuliaji mzuri. Hakuna aliyekohoa.

Kisha Mama Léonie, kwa niaba ya wote, aliuliza swali linaloulizwa daima.

"Na ugonjwa wenyewe, Papa Gracia, ulianza wapi?"

Arlette alikuwa amesimama karibu na sufuria, mwiko mkononi. Alikuwa ameacha kupakua. Xavier alimtazama Gaspard bila hasira, kama dereva anayemngojea mwenzake amalize kugeuza gari. Sentensi ilikuwa tayari. Gaspard aliihisi juu ya ulimi, fupi, yenye mahali na jina. Aliona pia nyuso za majirani, watu waliokunywa bia yake na kumsifu, na nyuma kabisa, kivulini, aliona uso wa Gracia, ambaye hakujua chochote kuhusu kikohozi chake.

"Ulianza na vita," alisema.

"Eeh," watu waliitikia. "Vita."

"Vita imetumaliza," alisema Mama Léonie, akafuta macho.

Kwaya ilianza kuimba. Xavier aliinamisha kichwa, akamsogeza Fifi kutoka goti hili hadi goti lile. Gaspard alikaa. Arlette alipakua wali na maharage, akaweka juu yake kipande kizuri cha nyama ya mguu wa mbele, akavuka uani na kumletea yeye kwanza, kwa kuwa anayetoa historique hulishwa kabla ya wengine.

"Aksanti kwa kusema vizuri juu ya mama," alimwambia, akipiga goti kidogo.

"Aksanti, mutoto yangu," Gaspard alisema.

Nyama ilikuwa laini. Alikula yote, na Arlette alipouliza kama amwongezee, alimpa sahani.